Siku Tuliyomsukuma Bi Harusi

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi moja jioni katika ukumbi wa shule, mbele ya vijana na wazee wa mtaa wetu. Walionialika walitaka nieleze maisha yalivyokuwa baada ya Vita vya Kagera. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila mizaha miwili nimeiacha palepale ukumbini.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wenzangu, akina mama, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate pa kutorokea. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale ambao hamjaitikia kokote, hamjambo?

Marahaba, marahaba. Kaeni.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie vita. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi vitani sikwenda. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Oktoba 1978, nilikuwa na miaka 16, na silaha niliyoijua ni manati. Mwalimu Nyerere, rais wetu, alipowaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, mimi nilikuwa Magomeni, sikio nimelibandika kwenye dirisha la jirani, maana redio yetu haikuwa na betri. Na siku Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Watu walishangilia, wakarukaruka, wakakumbatiana, na kila mmoja alirukaruka palepale alipo, asije akapoteza nafasi yake.

Kwa hiyo habari za vifaru msinitegemee. Mimi ni mtu wa foleni. Huko nilipigana tangu mwanzo hadi mwisho, na kama wangetoa vyeo, leo ningekuwa brigedia mstaafu.

Vita vilipokwisha, Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Tukafunga. Mimi nilifunga hadi tundu la mwisho, nikatoboa jingine kwa msumari. Wasomi watawaambia kwamba vita vilikuwa vimekula fedha za kigeni, kwamba bei ya mafuta duniani ilipanda tena mwaka ule ule wa 1979, kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika tangu 1977 na mpaka wetu na Kenya umefungwa, halafu mvua nazo zikagoma. Ni kweli yote. Lakini pale mtaani uchumi tuliuhesabu kwa sabuni. Ipo, haipo. Na kufikia Agosti 1981, ambako ndiko ninakowapeleka, ile miezi 18 ilikuwa imeshapita zamani, tena imezaa na wajukuu.

Nyie mkiona foleni leo mnakasirika. Sisi tukiiona tulifurahi. Unapanga kwanza, halafu ndiyo unamuuliza wa mbele yako, "Samahani, kunauzwa nini?" Naye anakujibu, "Hata mimi sijui, lakini naona ndefu." Foleni ya duka la ushirika ilianza saa 10 alfajiri, na waliopanga walikuwa mawe. Naam, mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, wengine wamelifunga kitambaa ili lisichanganywe na la jirani. Jiwe linakaa kwenye mstari, wewe unarudi kulala. Nimeona watu wazima, wenye wake na watoto, wakishikana mashati kwa sababu jiwe la huyu limelisukuma jiwe la yule. Ikatoka amri kwamba wajawazito wapite mbele, na ndani ya wiki moja mtaa wetu ukawa na mimba kuliko mitaa yote ya Magomeni. Nyingine zilikuwa za mito ya kulalia.

Wazee wenzangu hapa hupenda kuwaambia kwamba enzi zile tulipendana sana. Ni kweli, tulipendana. Lakini tuliyempenda kupita wote ni mtu mwenye shemeji anayeuza duka la ushirika. Huyo hata akikukanyaga mguu unamwambia pole.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Kaka yangu, huyu hapa amekaa mbele anajifanya hasikii, alikuwa askari. Alikwenda na jeshi hadi Uganda, akarudi salama, na alirudi na tabia mbili: kula upesi na kutotaka kuambiwa kwamba jambo haliwezekani. Akampata mchumba Temeke. Posa ikapokelewa, mahari ikatajwa, harusi ikapangwa Mfunguo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, ambao mwaka ule uliangukia Agosti, siku ya Jumapili.

Vijana hamwelewi kwa nini wazee wameguna. Jumapili ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Wakati ule, ili kubana matumizi ya petroli, ikifika saa 8 mchana Jumapili magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, mpaka kesho yake alfajiri, labda uwe na kibali maalumu. Tukamwomba baba wa binti asogeze iwe Jumamosi. Akakataa katakata. Akasema Jumamosi duka la kwao linapokea mzigo, na kama harusi itagongana na mzigo, basi ataozesha binti yake mbele ya sheikh na kuku wawili. Alikuwa na hoja.

Tukarudi kwetu kutafuta sukari. Harusi bila chai na maandazi si harusi, ni kikao. Utaratibu ulikuwa hivi: unakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, anakuandikia barua, unaipeleka tawini, kwenye ofisi ya chama, inagongwa muhuri, ndipo dukani wanakupimia. Na hapa pana siri ambayo nimeitunza miaka yote hii. Kwetu pale, ukiomba sukari ya harusi unapewa kilo 5, tena baada ya maswali. Ukiomba ya msiba unapewa kilo 15, tena na pole juu.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa hesabu. Hakuchukua hata dakika 2. Akachukua kalamu ya Bic na karatasi ya daftari, akamuua baba yake mzazi.

Msicheke. Babu yetu alikuwa Rufiji, mzima wa afya, analima mpunga na anafukuza nguruwe usiku. Mjomba akaandika kwamba mzee ametutoka na waombolezaji wanakuja Magomeni kwa matanga. Balozi akasoma, akavua kofia, akaandika barua kwa mwandiko wa huzuni. Sukari kilo 15 ikaingia ndani ya mfuko wa saruji.

Hesabu ya mjomba ilikuwa na kasoro moja. Hakukumbuka kwamba marehemu amealikwa harusini.

Jumamosi jioni babu huyo akashuka na nazi, mikeka miwili na jogoo. Mjomba akamvuta pembeni, nami nilikuwepo kwa sababu ndiye niliyebeba nazi. Akamwambia, "Baba, kesho mtu akikuuliza, wewe ni mdogo wake marehemu."

"Marehemu gani?"

"Wewe."

Babu akanyamaza, akamtazama mwanawe. Halafu akauliza, "Nimekufa kwa kilo ngapi?"

"15."

"Mbona kidogo?"

Jumapili kukakucha. Kanzu ya bwana harusi ilikuwa ya kuazima, na sabuni haikuwepo, basi mama akaifua kwa majani ya mpapai. Majani ya mpapai yanatoa uchafu vizuri sana, ila hayakuelezi kwamba nayo yana rangi yake. Kaka akatoka kwenye kanzu ya kijanikijani, kama mtu aliyelala shambani. Shela la bi harusi kule Temeke, hili tulilijua baadaye, lilishonwa kwa chandarua. Hakukuwa na kitambaa cheupe dukani, na fundi alikuwa mjanja: akaweka lesi pembeni, usingelijua hata ukilishika.

Gari lilikuwa Peugeot 404 la bosi wa baba mdogo. Alitoa kwa sharti kwamba lirudi na matairi yote, pamoja na spea. Petroli tulichangishana mtaani, wengine walileta kwenye chupa ya soda. Baba mdogo ndiye aliyeshika usukani, maana alikuwa dereva wa kazi.

Ndoa ilifungwa msikitini Temeke baada ya swala ya adhuhuri. Sheikh akapenda kwanza atoe mawaidha kuhusu subira. Yalikuwa mazuri, na yalikuwa marefu, tukafundishwa subira kwa nadharia na kwa vitendo. Mimi macho yalikuwa kwenye saa ya jirani yangu. Saa 7 na robo. Saa 7 na nusu.

Tukaenda nyumbani kwa binti. Mlango umefungwa. Akina mama wa Temeke wanataka kifungua mlango. Msimamizi wa bwana harusi akapitisha noti chini ya mlango, noti ikarudishwa. Akaongeza, zikarudi zote mbili. Sauti ikatoka ndani: "Pesa tunazo. Hazina pa kwenda. Leteni sabuni!"

Jamani, ule ni uchumi mzima umeelezwa na mama mmoja nyuma ya mlango. Wasomi huandika vitabu vinene na hawafiki pale.

Msimamizi alikuwa na kipande cha sabuni ya kuogea mfukoni, amekiweka maalumu kwa ajili ya bwana harusi usiku. Akaangalia saa, akamwangalia kaka, kaka akaitikia kwa kichwa. Kipande kikapita chini ya mlango. Mlango ukafunguka, na vigelegele nadhani vilisikika Kurasini.

Tukaondoka Temeke zimebaki dakika chache kufika saa 8. Ndani ya gari baba mdogo, kaka, bi harusi na somo wake. Sisi wengine tulikuwa nyuma, ndani ya basi la UDA, Ikarus, lile refu lililoungwa kiunoni tukiliita kumbakumba, maana mabasi ya abiria yalikuwa na ruhusa. Tukapita Kariakoo, tukateremka Jangwani. Na pale Jangwani, Magomeni unaiona kwa macho, katikati ya barabara kasimama afande wa trafiki, mkono juu. Sare nyeupe pee, imenyooka. Mpaka leo najiuliza sabuni alikuwa anaipata wapi.

Tukaruka kutoka kwenye basi. Tulifika afande akimuuliza baba mdogo:

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane kasoro, afande."

"Kasoro ngapi?"

"Kasoro... kasoro imeshapita."

Afande akatoa daftari. Somo akaanza kulia, bi harusi akamfuata. Wazee wakaomba, mjomba akataja majina ya wakubwa ambao hakuwahi kuonana nao. Afande akasema gari lipaki hapo mpaka kesho alfajiri, na bi harusi atembee kwa miguu kama wananchi wengine.

Kaka akashuka. Kanzu yake ya kijani hiyo. Akapiga saluti, afande akashtuka, akarudisha.

"Afande, sheria inakataza kuendesha gari, au inakataza gari kuwepo?"

"Inakataza kuendesha."

"Basi." Akamgeukia baba mdogo. "Zima injini."

Akakunja kanzu, akaifunga kiunoni, akaenda nyuma ya gari. "Njooni hapa. Nimetembea kwa miguu tangu Mutukula hadi Kampala. Magomeni ni hapo tu."

Afande alikaa kimya kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta kifungu. Kisha akasogea dirishani, akadai leseni ya baba mdogo, akaisoma mbele na nyuma, akamrudishia. Akasema injini ikiguna tu, hata kwa bahati mbaya, tutalala ndani wote, na bi harusi wetu.

Tukasukuma. Mjomba, mimi, msimamizi, wazee wawili wenye mabusha, na vijana wa Jangwani waliotokea tu kama inavyokuwa siku zote panapokuwa na vurugu. Tukavuka daraja la Msimbazi. Akina mama wakatangulia mbele wanaimba, na wimbo ukageuka wa kusukumia, "haya... twende!" Bi harusi akatoa kichwa dirishani akauliza kama ashuke asaidie. Somo akamrudisha ndani: "Bi harusi hasemi!" Akanyamaza. Tulipofika kwenye kilima cha kupandia Magomeni gari likaanza kuturudia, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba Peugeot ni nzito kuliko inavyoonekana. Likapita basi jingine limejaa, mtoto mmoja akapiga kelele, "Bi harusi wa kusukuma!" Jina likamganda. Shemeji huyu hapa, miaka yote hii, na wenzake wa rika wanamwita Bi Kusukuma. Usinikatae, shemeji.

Afande alituandama mpaka mwisho wa daraja. Pale akaniita mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini ni mtaa gani na pilau inaiva saa ngapi, maana zamu yake inaisha saa 12. Alikuja, akala vizuri, na daftari lake hakulileta.

Sasa tunaingia mtaani, jasho linatiririka, ngoma zinalia, na nani kakaa barazani kwetu? Balozi wa nyumba kumi. Amekuja na wazee watatu, kofia zimeshuka, uso wa matanga, na bahasha ya rambirambi mkononi. Alikuwa safarini, karudi leo, kaona asipitwe.

Mjomba alikuwa anasukuma upande wa kulia. Alipomwona balozi, aliacha kusukuma. Nakumbuka kwa sababu uzito wote ulinihamia mimi.

Balozi akaangalia gari, akaangalia ngoma, akaangalia shela. Hakusema neno. Akakaribishwa mkekani, na kwa bahati ya siku ile, nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni ya babu. Akaketi, akamsalimu mzee kwa adabu, akampa pole.

"Tumeshapoa," babu akajibu. "Karibu pilau."

"Ahsante. Wewe nani kwake marehemu, mzee wangu?"

Babu yangu hakuwa mtu wa uongo, hasa mbele ya chakula. Akafikiri, akameza tonge. "Mimi na marehemu," akasema, "hatujaachana hata siku moja."

Nilikuwa nanawisha watu mikono. Nilimwaga maji kwenye miguu ya imamu.

Pilau yenyewe haikufika mbali. Mchele ulipatikana kibaba kwa kibaba, kila nyumba ikitoa ilichonacho, na ukaishia safu ya tatu ya mikeka. Kuanzia safu ya nne watu walikula ugali wa unga wa Yanga. Vijana wa leo mnauliza unga wa Yanga nini. Ni mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, na kwa kuwa njano ni rangi ya Yanga, jina likajipa lenyewe. Mjomba alikuwa Simba wa damu. Unga ule aliula miaka ile yote akiwa amefumba macho, na siku ya harusi nilimsikia akimwambia mchuzi, "Wewe ndiye unayeniokoa."

Balozi alimaliza kula, akanawa, akamwita mjomba pembeni. Mjomba alikwenda kama mtu anayekwenda kunyongwa. Balozi akamwambia, "Marehemu ana hamu nzuri ya kula."

"Ndiyo, balozi."

"Mimi watoto wangu wana wiki ya pili hawajaonja chai yenye sukari."

Aliondoka na kilo 2 ndani ya koti. Bahasha ya rambirambi nayo aliondoka nayo. Nalisema hili kwa sababu tukizeeka tunapenda kuwaficha watoto, tunawaonyesha ile foleni tu na uvumilivu. Siku ile palikuwa na mwongo mmoja, mla rushwa mmoja, afande mmoja mwenye njaa na marehemu mmoja mwenye njaa zaidi, na wote walikaa mkeka mmoja wakala vizuri sana.

Mniulize picha. Mpigapicha alikuwepo, kamera shingoni, taa inamulika, watu wanajipanga mara tatu mara nne, wazee wanasimama wima kama wameshtakiwa. Tulimfuata studio wiki ya kwanza, akasema bado. Wiki ya pili, bado. Wiki ya tatu akatuketisha, akasema ukweli: filamu haikuwepo mji mzima. Hakutaka kutuharibia furaha, akaja na taa tu. Pesa alirudisha nusu, maana betri zilitumika.

Na usiku ule wa harusi, mbu wa Magomeni walipoanza kazi, lile shela likatundikwa juu ya kitanda, likarudi kwenye ajira yake ya zamani. Hili kanieleza shemeji mwenyewe, mimi sikuwepo.

Nimalizie habari ya babu, naona mwenyekiti anatazama saa.

Babu alifariki kweli, masika ya 1983. Alikuja Magomeni kutibiwa, akafia mikononi mwetu. Ulikuwa ndio wakati ule wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Sokoine kakaza kamba, watu usiku wanatupa mitaroni marobota ya vitambaa na magunia ya sukari ili wasikutwe nayo, na asubuhi dukani hakuna hata punje. Nyumba imejaa waombolezaji. Mjomba akaandika barua tena, safari hii macho yamejaa machozi ya kweli, nami nikamsindikiza mpaka tawini.

Katibu alikuwa mgeni, hakutujua. Akasoma barua, akavuta daftari kubwa, akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini, akarudi nyuma kurasa nyingi. Kidole kikasimama.

"Huyu tulishamzika," akasema. "Agosti 1981. Kilo 15, na sahihi yako hii hapa."

Chai ya matanga ya babu tuliinywa huku tukitafuna miwa.